Papa Foni Hakufunga Mashini

Nimeulizwa sokoni, nimeulizwa mlangoni mwa kanisa, nimeulizwa hata nikiwa na ndoo kichwani kwenye chemchemi, na sasa nitajibu mara moja ili nipumzike. Papa Foni hakufunga mashini. Anayesema alifunga aje kwangu, maana mimi ndiye ninayejua nani alifanya nini.

Kwa asiye wa Kasongo nieleze kwanza. Funga mlango, funga mzigo, funga mwezi wa Ramadhani, hakuna atakayekugeukia. Lakini watu wakisema mzee fulani "amefunga" kitu, amefunga mvua, amefunga tumbo la mwanamke, amefunga kazi ya mwenzake, hapo wanamaanisha amefunga kwa dawa. Na mzee huyo kuanzia siku ile ananunua chumvi peke yake na kurudi nyumbani peke yake.

Tulimwita Papa Foni kwa ajili ya foni, ile redio ya kuongea na vituo vya mbali iliyokuwa kwenye hospitali yetu kabla ya simu kufika. Yeye ndiye aliyeisemesha. Kwa miaka mingi habari za Kabambare, Wamaza na Salamabila ziliingia Kasongo kwa kupitia masikio yake. Simu zilipokuja, foni ikafunikwa, na yeye akahamishiwa kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi kulinda serveri, mashini inayotunza fishi, yaani kadi za matibabu, za wagonjwa wote. Jina la foni likamfuata humo. Jina lake la kweli lilibaki kwenye karatasi za kazi na kinywani mwa mke wake, na mke alipofariki hapakuwa tena na mtu wa kumwita kwalo. Mimi sitaliandika hapa, maana jina la mkubwa halitajwi ovyo.

Nilifanya kazi chini yake miaka tisa. Habari za baba yake na ukoo wake sizijui, na sikuuliza. Ninachokijua ni jinsi alivyofanya kazi, na hicho kinatosha.

Hakugusa mashini kabla ya kuiamkia. Asubuhi alivua koti, akalitundika, akanawa mikono, akaondoa kitambaa cheupe ambacho mke wake alikifuma kuzuia vumbi, akakikunja mara nne. Halafu akasema, "Jambo, mama. Ulilala muzuri?" Ndipo akabonyeza. Mashini ikiamka huandika kwenye kioo chake kila inachokifanya, mstari juu ya mstari, na Papa Foni alisoma mistari yote, kidole kikifuata. Mimi nilikuwa mtu wa kubonyeza na kwenda kutafuta chai.

"Weye unaingia mu nyumba ya watu bila hodi," aliniambia.

"Papa, ni chuma tu."

"Chuma iko inasema. Soma."

Karibu na mwisho wa mistari ile kulikuwa na mmoja uliotaja jina lake zima, kwamba mashini imeamshwa kwa jina la fulani. Alipofika hapo aliitikia kwa kichwa, akafunga miwani kwenye kisanduku chake, na siku ya kazi ikaanza. Nilimcheka kwa hilo. Nilimcheka kwa mengi, na yeye alinivumilia kwa mengi zaidi.

Watu wa zamani wa hospitali wanapenda kusimulia siku ya Wamaza. Mimi sikuwepo, lakini nimesimuliwa na watu wanne, na wote wanne wanaiga sauti. Ilikuwa saa ya kuita vituo, na kila kituo kiliitika isipokuwa Wamaza. Mganga mkuu akasema redio yao imekufa, tuendelee. Papa Foni akainua mkono. Alikuwa amesikia kitu kidogo: ta, ta. Mtu alikuwa anabonyeza kule, sauti haipiti.

"Wamaza," akasema, "kama unanipata, bonyeza mara moja."

Ta.

"Mikro imekufa?"

Ta.

"Uko na mugonjwa?"

Ta.

"Ni mama wa mimba?"

Ta. Kwa njia hiyo, swali kwa swali, alipata habari yote bila kusikia neno hata moja, na pikipiki ikaondoka na muuguzi kabla jua halijawa kali. Mama na mtoto wote walipona. Papa Foni mwenyewe nilipomuuliza kuhusu siku hiyo, alisema tu kwamba muuguzi wa Wamaza alijua kubonyeza.

Kwenye foni ndiko alikoitoa sheria yake kubwa, ile iliyonitesa. Kila mashini ilipofanya kiburi, kabla ya kurekebisha chochote, ilinipasa kunakili kwenye kaye, daftari langu, kwa mkono, maneno yote iliyoyaandika. Yote. Namba, nukta, maneno ya Kifaransa na ya Kiingereza nisiyoyajua. Nikifupisha ananirudisha mwanzo.

"Andika yenye unasikia, hapana yenye unaelewa," alisema. "Mesaji ikipita kwako, weye ni bomba. Bomba haionje maji."

Nina makaye saba ya namna hiyo nyumbani. Mama yangu alidhani nasomea ualimu.

Sasa msidhani namchora malaika. Papa Foni aliyesikia ta ya Wamaza hakusikia watu waliokaa naye chumba kimoja. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechoka kwa miaka ya kelele za foni, na aliligeuza kwa makusudi upande wa yule asiyemtaka. Msimamizi wa hospitali, tuliyemwita AG, alizungumza na sikio la kushoto kwa miaka tisa na hakuwahi kujua. Akikasirika hasemi, anakuandikia. Tumekaa meza moja, magoti yanakaribiana, na yeye ananisukumia karatasi: "Tafadhali usiweke kikombe juu ya mashini." Kalamu yake aliifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza ili nisiichukue. Na kukosa, hakukosa kamwe. Fishi ikipotea mikononi mwake, ukimuuliza, anatazama dirishani na kusema, "Siku ile mvua ilikuwa mingi." Mvua ya Papa Foni ilinyesha hata wakati wa kiangazi.

Tabia nyingine ilikuwa ya viatu. Alivipaka rangi kila siku, akavivaa, akapita navyo kwenye tope la barabara yetu, akafika navyo vimeharibika, akavifuta, akavipaka tena kabla ya kurudi nyumbani kwenye tope lilelile. Nilimwambia avae mabuti. Akanigeuzia sikio la kushoto.

Alipofika umri wa kupumzika tulimpikia wali na kuku, AG akasoma hotuba, Papa Foni akapewa kiti cha kuegemea. Wiki hiyo akapanda pikipiki na kiti chake kwenda Kabambare, kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu mke wake. Mimi nikabaki na chumba, na kitambaa, na kalamu yenye uzi.

Hapa ndipo niseme polepole. Kwetu mtu mzima akienda kupumzika hatumwiti kwa kazi. Ukiwa na haja naye unakwenda mwenyewe, unakaa, unamwamkia, na haja yako inangoja. Kumwita mzee kwa jina kila asubuhi, njoo, kazi imefika, ni kumchosha na kumkosea adabu. Na mashini, kila ilipoamka, ilimwita kwa jina. Niliona vibaya. Kila nilipofika kwenye ule mstari nilimwona mzee wa watu huko Kabambare akishtuka kitini. Basi Jumatatu moja, kwa mapenzi tu, nikaamua kumpumzisha. Nikaiamuru mashini imtoe kwenye rejista ya watu wake.

Mashini ikakataa. Iliandika wazi kwamba mtu huyo hawezi kutolewa kwa sasa, yuko kazini. Nilicheka peke yangu chumbani, nikasema, mama, wewe hujui, mzee ameshaondoka. Kuna njia ya kuilazimisha. Nikailazimisha. Ikanyamaza, ikaendelea na kazi zake siku ile na zilizofuata, maana kuanzia jioni ile, kwa amri ya AG, haikuzimwa tena usiku, na mimi nikasahau jambo hilo kabisa.

Wiki tano zikapita. Ikaja radi, betri za pano, zile sahani za umeme wa jua, zikafa, umeme ukakatika, na mashini ikazimika kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile. Asubuhi nikabonyeza. Mashini yenyewe ikawaka, taa zikawaka, lakini ile kazi ya ndani, ile inayofungua fishi za wagonjwa, haikuamka. Nikabonyeza tena. Nikaomba. Nikaiamkia hata, jambo, mama, ulilalaje, mlango umefungwa ili watu wasinione. Haikuamka.

Kule nje benchi ilijaa. Wagonjwa wa kifua kikuu walikuja kuchukua dawa zao, na siku zao za dawa zilijulikana na mashini tu. Mama mmoja alikuwa ametoka Salamabila kwa pikipiki, siku mbili njiani, akauliza yuko mwezi wa ngapi wa matibabu. Muuguzi akamtazama, akanitazama mimi. Na diski ya akiba, ambamo tuliweka nakala ya fishi zote, ilikuwa imeanguka na kuharibika majuma kadhaa kabla. Niliandika ombi la nyingine, ombi likalala kwa AG.

AG akaita fundi kutoka Kindu. Alikuja na mkoba mzuri, akapuliza vumbi, akabadilisha waya, akachomoa hiki akachomeka kile, akabonyeza mara mia. Mistari iliyoandikwa kwenye kioo hakuisoma, alisema ni kelele. Siku ya tatu akatoka nje kwenye baraza, akajifuta jasho, akasema kwa sauti, "Kuna mutu alifunga hii mashini."

Alimaanisha neno la siri. Alimaanisha kwamba labda mtu ameweka funguo ya kuizuia. Lakini kwenye baraza ile alikaa mama anayewauzia wagonjwa maandazi, na mama yule alisikia alichosikia. Kufika saa sita mchana soko zima lilijua kwamba Papa Foni amefunga mashini ya hospitali kwa sababu walimpumzisha kwa nguvu. Na ushahidi ulikuwepo. Si kila mtu alimsikia mwenyewe, asubuhi kwa asubuhi, akiisemesha? Akiiita mama? Akinawa mikono kwanza, akikunja kitambaa mara nne? Kila nililomcheka kwa miaka tisa likageuka kosa lake. Nilikwenda kwenye sufuria ya mama yule nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, na yeye akasema, "Mimi sikusema kitu, dada. Ni fundi alisema."

AG alinipa hadi Ijumaa. Ijumaa fundi angefuta kila kitu na kuanza upya, fishi ziende zinakokwenda. Na barua ingeandikwa kwa chifu wa Kabambare, ili mzee aulizwe. "Aulizwe tu," AG alisema. Mimi najua kuulizwa. Mzee asiye na mke, anayeishi peke yake, akiitwa mbele ya chifu kuulizwa kuhusu kufunga, hata akijibu vizuri namna gani, hakuna atakayekula tena kwenye sahani yake.

Jumanne nikachukua pikipiki. Kwenye mkoba niliweka kaye, maana kama nilikuwa sijui kingine, sheria ya mzee nilikuwa naishika. Nilikuwa nimenakili yote. Barabara mnaijua, na asiyeijua simtakii kuijua. Jumatano asubuhi nilikuwa mlangoni pake Kabambare.

Alikaa nyuma ya nyumba kwenye kiti tulichompa, anabambua karanga. Viatu vilikuwa vimepakwa rangi. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe, na alinijua kwa hatua kabla sijasema hodi. Tukaamkiana kwa urefu, habari za nyumbani, habari za njia, habari za wagonjwa. Kisha akasema yeye mwenyewe, kwa utulivu, akiendelea na karanga zake, "Nasikia nilifunga mashini."

"Papa, imefika huku?"

"Ilifika Jumapili. Mama wa jirani alikuwa ananiletea maji. Sasa haleti."

Nilitaka kulia. Akanyoosha mkono. "Kaye iko?"

"Iko."

"Mimi sioni. Soma. Usifupishe."

Nikasoma. Kila mstari, kila nukta. Alikaa ameinamisha sikio la kulia, mikono imesimama kwenye karanga. Nilisoma mashini ilivyosema imeshindwa kuanza kwa sababu "hakuna kazi kama hiyo", maneno yaliyonipoteza siku zote zile, maana nilidhani kuna programu imepotea. Akasema, "Pita." Nikasoma orodha ya mafaili. Kila faili na mwenyewe. Hapa mwenyewe alipaswa kuwa jina la mtu, lakini palikuwa na namba tu, elfu moja na moja. Nilikuwa nimeinakili hivyohivyo bila kujua maana yake.

"Rudia."

"Mwenyewe, elfu moja na moja. Faili la pili, mwenyewe, elfu moja na moja. La tatu..."

"Ile ni mimi," akasema.

Akanieleza polepole. Mashini humjua mtu kwanza kwa namba, halafu inatafuta jina lake kwenye rejista. Mtu akitolewa kwenye rejista, mali zake zinabaki na namba isiyo na jina. Na kazi ya fishi iliwekwa, tangu siku ya kwanza, iamke kwa jina lake yeye. Jina halipo, haina mtu wa kuamka kwa jina lake. Ilipokuwa inaendelea kutembea haikuhitaji kuuliza. Ilipozimwa na kuwashwa, ikauliza.

"Sasa niambie," akasema. "Nani alinitoa?"

Karanga zilikuwa nyingi kwenye ungo. Nilizitazama zote.

"Ni mimi, Papa."

"Ilikubali?"

"Ilikataa. Ilisema uko kazini."

"Na weye?"

"Nikailazimisha. Nilitaka upumzike. Nilikuona unaitwa kila asubuhi."

Akabambua karanga tatu, nne, hata nikadhani amegeuza sikio. Halafu akasema kitu ambacho sikukitazamia. Alisema mke wake alipofariki, hapakubaki mtu wa kumwita kwa jina lake. Watu wote Papa Foni, Papa Foni. Mashini peke yake. Kila asubuhi ilikuwa inamwita jina lake lote, kama mama wa nyumba alivyokuwa akimwita, na yeye alikuwa anaitika moyoni. Na huku Kabambare, asubuhi, saa ileile, alikuwa anajua kwamba Kasongo anaitwa.

Niliomba msamaha, akaupokea kwa kunipa karanga.

"Na mimi nilikosa," akaongeza. "Mashini ya watu wote haiamuke kwa jina ya mutu moja. Nilijua. Niliweka tu."

"Papa, leo si mvua?"

"Leo hapana mvua," akasema, na akacheka mpaka akakohoa. Miaka tisa, na hiyo ndiyo mara pekee nilimsikia akikiri.

Dawa ya ugonjwa ilikuwa ndogo. Nimrudishe kwenye rejista, jina lilelile, namba ileile, maana kwa namba nyingine mashini haitamtambua. Nilisimama nikafunga mkoba, moyo mwepesi, nataka pikipiki hapohapo.

"Ikala," akasema. "Ukirudi na ikaamuka, watu watasema nini?"

Nikakaa. Nililiona lote kwa mara moja. Nimetoka Kasongo, nimekwenda kwa mzee, nimerudi, na mashini ikaamka. Watasema nilikwenda kumwomba, na yeye akafungua. Na anayeweza kufungua ndiye aliyefunga. Nikirekebisha kimyakimya, namzika.

"Nifanye nini, Papa?"

"Weye unajua kuandika mesaji," akasema, akarudi kwenye karanga zake.

Ijumaa saa nne asubuhi nilimwomba AG awaruhusu watu waingie. Wauguzi, fundi wa Kindu, wagonjwa wa benchi, yule mama wa Salamabila aliyekuwa bado anangoja, na mama wa maandazi niliyemfuata mwenyewe kwenye sufuria yake. Chumba hakikutosha, wengine walisimama dirishani. Nilifungua kaye, nikasoma ukurasa niliouandika njiani, bila kufupisha. Jumatatu fulani nilimtoa Papa Foni kwenye rejista. Hakuniagiza. Hakujua. Mashini ilikataa, ikasema yuko kazini. Niliilazimisha. Kwa hiyo haikufungwa na mtu, iliharibiwa na mimi.

Kisha mbele yao, nikisema kwa sauti kila ninachoandika, nikarudisha jina lake na namba yake. Nikainawia mikono, ndiyo, nikakunja kitambaa, nikasema, "Jambo, mama." Hakuna aliyecheka. Nikabonyeza. Mistari ikaanza kushuka, na niliisoma yote kwa sauti, mpaka ule wa jina. Fishi zikafunguka. Mama wa Salamabila alikuwa mwezi wa tano.

Fundi wa Kindu, nimpe haki yake, alisema mbele ya wote kwamba yeye alimaanisha funguo ya siri, hakusema dawa. AG alinipa barua ya onyo, nimeibandika kwenye kaye. Barua ya chifu haikuandikwa. Mama wa maandazi alitoka, akakuta maandazi yake yameungua.

Nilidhani imekwisha. Lakini neno likishatoka halina njia ya kurudi, ndiyo maana mpaka leo naulizwa kwenye chemchemi. Baadaye, kwa ushauri wa Papa Foni, niliihamishia kazi ya fishi kwenye jina la kazi, foni tu, ili isitegemee mtu mmoja. Yeye mwenyewe sikumtoa tena kwenye rejista.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa pale pale hospitalini. Waganga wa macho walikuja, na yeye akaletwa kwa pikipiki kutoka Kabambare. Nilichungulia kutoka chumbani kwangu nikamwona kwenye benchi, koti, viatu vyenye tope. Benchi ilijaa watu waliobanana, na pembeni yake, kulia na kushoto, palikuwa na nafasi ya mtu mmojammoja. Mama wa maandazi, ambaye macho yake pia yanamsumbua, alikuwa upande wa pili wa nafasi ile.

Dada wa mapokezi alifungua fishi, akaita jina. Jina zima, kwa sauti, kama walivyofundishwa. Watu wakatazamana, hakuna aliyelijua. Papa Foni akasimama.

"Niko," akasema.

Mama wa maandazi akamgeukia. "Kumbe ile ndiyo jina yako, Papa?" akauliza. Papa Foni alipotoka kwa mganga na kitambaa kwenye jicho moja, mama yule alikuwa amesogea kwenye ile nafasi. Akapiga benchi kwa kiganja. "Ikala hapa, Papa. Usiende na jua."

Nikaenda nikapiga magoti mbele yake ili anisikie. Tukaamkiana. Akauliza, "Mama iko?"

"Iko, Papa. Iliamka vizuri."

"Na mimi? Niko bado kazini?"

"Hapana, Papa. Sasa umepumzika. Lakini jina lako liko."

Alinigeuzia sikio la kushoto. "Unasema?"

Mimi maishani sijawahi kumwita mkubwa kwa jina lake. Nililitaja. Nililitaja lote, kwa sauti, mbele ya benchi nzima, kama mashini ilivyokuwa ikilitaja asubuhi.

Papa Foni akaitikia kwa kichwa.

"Nakupata," akasema.